Jogoo Aliyerudi Kutoka Mnadani

Tangu nihame nyumba ile ya Kitahana, sijawahi kula ugali wa moto nikajisikia sawasawa. Nikimega tonge huku mvuke unapanda, moyo unaniambia kuna kitu nimekiruka. Mume wangu hunicheka, anasema ameoa Muha pekee duniani anayengoja chakula kipoe ndipo ale. Simjibu, maana ni habari ndefu na yeye si mtu wa kukaa chini. Juzi Adela aliponipigia simu akasema, "Mwalimu, Baba ametutoka," nilikuwa jikoni kwangu hapa Kasulu na sufuria iko motoni. Niliipua, nikaifunika, nikakaa kwenye kigoda nikalia. Nilimlilia Mzee Filipo, na niliulilia pia mwaka 2013, maana ndio mwaka niliofundishwa kushukuru, tena na mtu ambaye kwa wiki kadhaa za mwaka huo alikuwa amegoma kabisa kushukuru.

Nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi huko Kitahana, wilaya ya Kibondo, na nyumba ya mwalimu hakuna. Mzee Filipo na mkewe Mama Adela wakanipa chumba. Binti yao Adela alikuwa ameolewa, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watu watatu. Mzee alikuwa mrina asali, na chumba changu kilikuwa stoo yake ya asali kabla yangu. Ndoo walizihamisha, harufu ikabaki. Usiku nililala ndani ya harufu ya nta, na asubuhi nyuki wawili watatu walikuwa wanapita dirishani kuja kuulizia mali yao. Mimi mtoto wa mjini nilikuwa napiga kelele, Mama Adela anacheka huko uani anasema, "Mwache, Mwalimu, ni mgeni wako huyo." Dirisha lenyewe halikuwa na pazia. Kitanda kilikuwa cha kamba, kimelegea katikati, na nilikilalia kwa raha ambayo sijaipata tena kwenye magodoro ya dukani.

Taabu yangu ilikuwa mezani. Mimi ni mtu wa njaa, sijawahi kuficha. Unatoka kufundisha darasa la kwanza wamejaa mpaka mlangoni, unafika nyumbani saa kumi na mbili, unaletewa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, au sombe, yaani kisamvu, au siku ya bahati samaki mkavu aina ya mgebuka, halafu unaambiwa funga macho. Mzee Filipo alikuwa ndiye mwenye kuombea chakula, na haikuwa sala ya kuomba tu baraka ukamaliza. Yeye alikuwa anakifuata chakula mpaka kwao. Anaanza na mikono ya Mama Adela iliyosonga. Anakwenda kwenye moto, anatoka kwenye moto anakwenda kwenye kuni, kwenye mti uliotoa kuni, kwa mtu aliyepisha njia mzigo wa kuni upite. Anashukuru kwa jembe, kwa mhunzi, kwa mvua iliyokuja na ile iliyochelewa lakini ikaja. Chumvi ilikuwa na kifungu chake peke yake: anashukuru kwa watu wa Uvinza wanaochemsha maji ya chumvi kwenye joto lile, anawaombea macho yao. Akifika Uvinza ugali umeshafanya ngozi juu. Siku moja nilifungua jicho nione kama tumebakiza mengi, nikakuta Mama Adela naye kafungua lake. Akanikonyeza, akafumba tena kwa unyenyekevu mkubwa. Siku hizo nilidhani mzee anapenda tu kusikia sauti yake, na nilimnung'unikia Mungu huyo huyo aliyekuwa anashukuriwa.

Mwezi wa sita, msimu wa asali, Mzee Filipo alianguka kutoka juu ya mti akiwa anashusha mzinga. Wenzake walimbeba kwa machela waliyoifunga kwa kamba yake mwenyewe ya kupandia. Nilikuwa natoka shuleni nikawaona wanapita, na Mama Adela anatembea pembeni ameshika kofia ya mumewe. Walimpeleka hospitali mjini Kibondo, Mama akakaa huko naye. Nyumba ikabaki na mimi na kuku. Nilijipikia, nikala bila kuombea, ugali wa moto kabisa, na niseme kweli haukuwa na ladha yoyote.

Alirudi akiwa na magongo mawili na mguu mmoja usiokunjika tena. Jioni ile Mama Adela alipika vizuri, akaweka chakula mezani, akakifunika kwa kitambaa cheupe kipya ambacho sikuwahi kukiona, tukakaa. Nikafumba macho nikajiandaa kwa safari ndefu ya Uvinza. Kimya. Nikafungua. Mzee alikuwa anautazama ukuta.

"Baba Adela," Mama akasema taratibu, "hatujashukuru."

"Mimi nimemaliza kushukuru," akasema. "Nilimshukuru kwa kila mti wa msitu ule. Kila mti. Mnajua wenyewe. Sasa shukuruni ninyi."

Mama hakuomba. Aliweka mikono yake mapajani, akangoja. Nami nikangoja. Chakula kikangoja chini ya kitambaa. Mwishowe mzee akashusha pumzi akasema, "Kuleni. Mtoto wa watu ana njaa." Tukala.

Ikawa hivyo kila jioni. Ugali unawekwa, unafunikwa, mikono inakwenda mapajani, tunangoja mpaka mzee aseme "Kuleni". Zamani ulipoa kwa maneno, sasa ukawa unapoa kwa kimya, na nikaanza kuyatamani maneno yale. Nilimisi watu wa Uvinza ambao sijawahi kuwaona. Nikamfuata Mama Adela jikoni, nikamwambia labda niombe mimi, sala fupi tu, chakula kisiliwe hivi hivi. Alikuwa anapepeta unga. Akasimamisha ungo akanitazama, hana hasira.

"Mwalimu, hapa si darasani. Mguu umeshachukuliwa. Kamba ya kupandia kaigawa, mizinga yake anataka wenzake wagawane. Sasa na kile chakula chake cha kuombea nikimchukulia, atabaki na nini? Kile ndicho kinamngoja. Acha kimngoje."

"Na asipokirudia?"

Akapepeta kidogo. "Anakula tonge tatu, umeona? Jana tonge mbili. Ameniambia bora ningemwacha kule chini ya mti." Akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Mtu asiyeona cha kushukuru hakai, mwanangu. Anaondoka huku umemtazama."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tukikaa mezani hatungoji sala. Tunamngoja yeye, kama atabaki au ataondoka. Niliogopa sana. Kuanzia siku ile nikawa nahesabu matonge yake huku najifanya naangalia maharage.

Katikati ya hayo yote Mama Adela alinishonea pazia. Nilirudi shuleni siku moja nikakuta dirisha limevaa kitambaa cheupe, kimepindwa vizuri kwa mkono, na nyuki wanahangaika nje. Nilifurahi, nikasema asante Mama, akasema si kitu, kilikuwa kipo tu. Sikuuliza kimetoka wapi, na kwa nini niulize?

Mwezi wa nane ikaja Jumapili ya mavuno. Wasiojua makanisa yetu, niwaeleze: siku hiyo kila nyumba inapeleka alichoijalia Mungu, maharage, mahindi, ndizi, mayai, mbuzi ukiwa naye. Watu wanasimama kutoa shuhuda, kisha ibada ikiisha vitu vinapigwa mnada hapo nje, fedha inabaki kanisani. Na kanisa letu lilikuwa limepata spika mbili za tarumbeta, zimefungwa juu ya mti wa mkaratusi, zinasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Ijumaa yake Mama Adela alimwambia mumewe, "Nataka kumpeleka jogoo." Tulikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu, mkorofi, ambaye tangu mzee aanze kushinda kitini alikuwa anasimama pembeni ya kiti chake mchana kutwa, anadonoa mahindi mkononi mwake. Nilidhani mzee atakataa. Akasema, "Mpeleke. Mimi simhitaji mtu wa kuniamsha."

Jumapili ile nilibaki nyumbani, maana mzee hakuwa wa kuachwa peke yake. Tukakaa uani tunapukuchua maharage, yeye kitini na mguu umenyooshwa juu ya kigoda, mimi kwenye mkeka. Spika zikawa zinatuletea ibada yote, kwaya, matangazo, shuhuda. Mtu alishukuru kwa kijana wake kupata kazi. Mwingine alishukuru kwa pikipiki. Mzee anapukuchua tu. Mara nikasikia spika inakohoa kikohozi ninachokijua.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Adela, si msemaji." Upepo unavuma kwenye kipaza sauti. "Baba Adela alipolala hospitali, ndugu waliniita pembeni wakaniambia, Mama, jiandae, tafuta kitambaa. Nikanunua. Nilikiweka kapuni chini ya kitanda chake, nikakifunika kwa kanga, naomba Mungu mume wangu asikione. Siku ile ile akaamka akaomba uji. Basi nikarudi nacho nyumbani. Mwenye duka hawezi kukipokea, mnajua. Nimekikata. Nusu nafunikia chakula. Kila jioni nikifunika ugali nasema moyoni Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe, maana kingekuwa kinafunika kingine. Yeye hajui, sijamwambia. Nimeleta jogoo. Basi."

Alisahau, maskini, kwamba spika zinafika nyumbani. Au hakusahau. Kwa miaka yote nilimtania nikimwuliza, hakuwahi kunijibu.

Mkono wa mzee ulikuwa umesimama ndani ya maganda. "Mwalimu," akasema, "nenda kaniletee kile kitambaa cha mezani." Nikakileta. Akakikunjua, akajitandazia kuanzia kiunoni kwenda chini. Kiliishia magotini. Akakiangalia hivyo kwa muda.

"Nusu nyingine iko wapi?"

Nilijua iko wapi. Ilikuwa imenijia pale pale. "Ni pazia langu, Baba."

Akageuka akanitazama, mara ya kwanza kunitazama vizuri tangu mwezi wa sita. "Kwa hiyo wewe umelala na sanda yangu dirishani?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hukuota vibaya?"

"Hapana, Baba. Imezuia nyuki."

Kitu kikamtoka kooni, sijui kama kilikuwa kicheko. Akakunja kitambaa, pembe kwa pembe, akanirudishia. Tukapukuchua maharage huku spika zinapiga mnada, na tukasikia jogoo wetu anatajwa, bei inapanda, watu wanacheka, kisha jogoo akaenda kwa mnunuzi.

Haukupita muda tukasikia "Hodi" getini. Alikuwa Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa Kibondo mjini, Mwislamu, watu wake wametoka Ujiji, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa akinunua asali ya Mzee Filipo. Alikuwa amekuja kwa bodaboda kumjulia hali rafiki yake. Na chini ya kwapa lake alikuwa amembana jogoo mwekundu.

"Baba Adela, unisamehe nimechelewa kuja kukuona," akasema baada ya salamu. "Sikutaka nije mikono mitupu. Nimepita pale kanisani nikakuta mnada, wanauza jogoo mzuri, nikasema huyu ndiye. Akupe supu, mifupa iunge."

Akamweka chini. Jogoo akajikung'uta, akavuka uani bila kuuliza njia, akaenda kusimama pembeni ya kiti cha mzee akadonoa kiganja chake. Mzee Rajabu akashangaa. "Mbona amezoea haraka hivi?" Na hapo Mzee Filipo alicheka. Alicheka mpaka gongo lake likaanguka, mpaka akashika ubavu, na mimi nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, na mgeni wa watu amesimama katikati yetu hajui amefanya nini.

Mama Adela alirudi na tenga lake tupu, akamkuta jogoo. Hakucheka yeye. Alikaa chini. Tulipomweleza, akasema kitu kilichokwisha kutolewa kwa Mungu hakiliwi na aliyekitoa, lazima arudishwe sasa hivi. Mzee Rajabu akasema kwa heshima, lakini uso umebadilika, kwamba amenunua kwa mali yake, na zawadi ya mgonjwa hairudishwi, kwao huko ni kumfukuza mtu. Wote wawili walikuwa na haki. Mama alikuwa karibu kulia, Mzee Rajabu karibu kuondoka, na mimi nikaona shukrani mbili zimekutana kwenye mlango mwembamba hakuna inayoipisha nyingine. Tukajikuta tunamtazama Mzee Filipo. Hakuwa ameamua jambo lolote katika nyumba ile tangu aanguke, hata chumvi ikiisha alikuwa anasema mtajua wenyewe.

"Mama Adela," akasema, "jogoo ulimpa nani?"

"Mungu."

"Na Mungu akamtuma nani?"

Mama akamgeukia Mzee Rajabu, akamtazama.

"Ukimrudisha leo, kesho nani atamleta? Mwacheni jogoo huyu akapumzike na bodaboda zake. Mzee Rajabu, mchinje wewe mwenyewe kwa dini yako, tule wote. Mwalimu, kaweke maji motoni."

Nilikwenda mbio. Mzee Rajabu alimchinja, Mama Adela akampika kwa vitunguu na mawese kidogo, mpaka harufu ikaingia chumbani kwangu ikashinda ile ya asali. Ilipofika jioni tukaweka meza. Ugali ukaja. Mama akasimama na kile kitambaa mkononi, akasita, macho yake yakaenda kwa mumewe. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akafunika. Tukanawa. Mzee Rajabu alinong'ona bismillahi yake, kisha akakaa na mkono uliolowa maji, akimngoja mwenyeji. Mikono yetu ikaenda mapajani.

Niliangalia kitambaa.

"Baba," Mzee Filipo akasema, sauti ina kutu, "ni Filipo. Asante kwa mikono ya Mama Adela. Asante kwa moto. Asante kwa kuni, na kwa Mwalimu aliyezileta huku hana nguvu za kutosha." Akapumua. "Asante kwa chumvi. Watu wa Uvinza wako wazima? Watunze macho. Asante kwa jogoo huyu, alikwenda kwako akarudi. Asante kwa Rajabu, kwa kijana wa bodaboda, kwa barabara. Asante kwa kitambaa hiki. Asante kwamba chini yake kuna ugali." Mama Adela alikuwa analia bila kujificha. "Juu ya ule mguu, Baba, mimi na wewe bado hatujamalizana. Nitakusemesha. Lakini leo acha tule. Amina."

Ugali ulikuwa umepoa kabisa. Nilihesabu matonge yake mpaka nikapoteza hesabu.

Siku hizi nasikia watu wakishukuru makanisani kwa mikopo iliyopita na magari yaliyofika, nami naitikia amina pamoja nao, si vibaya. Ila nyumbani kwangu, watoto wangu wanajua kwamba mama yao akifumba macho mezani anaanzia mbali. Wananung'unika. Nimekuwa Mzee Filipo kabisa, bila mizinga. Na lile la mguu ndilo nililolishika kuliko yote, maana nimepata mambo yangu pia ambayo sikuweza kuyashukuru, na sikujilazimisha. Nimeyaacha wazi mbele ya Mungu, nikashukuru kwa yaliyo mezani.

Nilifika Kitahana siku ya maziko. Alizikwa mchana, kwenye shamba lake, nyuki wa mzinga aliojengewa chini karibu na nyumba wakipita juu ya vichwa vyetu. Jioni watu wa nyumbani tulibaki, Adela na mumewe na wanawe, Mama na mimi. Chumba cha kulia ni kile kile. Chakula kikaletwa, na Mama, mgongo umeinama sasa, akatoa kitambaa kutoka kabatini akakifunikia. Kimekuwa cha manjano, kina madoa ya mawese ya miaka yote hii. Tukanawa, mikono mapajani. Tukangoja. Adela akajikohoza aanze kuomba, Mama akamgusa goti.

"Ngoja," akasema.

Tumbo langu likaunguruma mbele ya watu wazima. Nilidhani anamngoja yeye kwa mazoea, na nilitaka kumshika mkono nimwambie, Mama, hayupo. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akiombea chakula nyumbani kwake.

"Baba, ni Mama Adela," akasema. "Asante kwa moto. Asante kwa kuni. Asante kwa chumvi, na watu wa Uvinza." Akalikwaruza doa moja la kitambaa kwa kucha. "Nilikushukuru kwa kitambaa hiki nikidhani umenipa siku chache. Umenipa nyingi. Sasa amefika kwako. Mpe kiti, mguu ule haukunjiki. Yale maneno yenu mliyoyaacha, malizaneni wenyewe huko. Amina."

"Amina," tukasema.

Akafunua chakula. "Kuleni," akasema, na nikamega tonge, likawa la baridi.